Mkulima wa Katavi Asisingiziwe

Kila mwaka, ifikapo tarehe 18 Novemba, huanza juma ambalo dunia imelitenga kwa ajili ya kuhimiza matumizi bora ya dawa za kuua vimelea. Mikoani juma hilo limekwisha jipatia sura yake ya kudumu. Fulana huchapishwa. Bango hutundikwa. Mgeni rasmi hualikwa, na mgeni rasmi husimama na kuwaeleza wananchi kwamba wao ndio chanzo cha maradhi yasiyosikia dawa: wananunua vidonge bila cheti cha daktari, wanameza nusu dozi, na wakipata nafuu mabaki wanayahifadhi kwa ajili ya jirani. Kisha soda hunywewa, posho hutiwa saini, na msafara huondoka.

Hotuba hiyo ina ukweli ndani yake, na hakuna mwenye akili timamu atakayeukana. Yapo maduka yanayouza antibayotiki kama yanavyouza pipi. Wapo wafugaji wanaomdunga ng'ombe sindano leo na kukamua maziwa ya kuuza kesho. Hao wanavunja sheria na wanastahili kubanwa bila huruma. Lakini kuutwaa ukweli huo mdogo na kuufanya ndio ukweli wote ni kuwadhulumu wakulima na wafugaji wa Mkoa wa Katavi; na lililo baya zaidi, ni kuwafichia kivuli wahusika wengine wenye ofisi, mihuri na mafungu ya fedha.

Achukuliwe mkulima wa tumbaku wa Inyonga, au mvuvi wa Karema, au mlima mpunga wa Usevya. Mtu huyo hajapata kuiona dawa iitwayo meropenemu. Haiuzwi katika duka la dawa muhimu la kijijini kwake, wala yeye hana fedha za kuinunua. Meropenemu na ndugu yake imipenemu ni za ukoo wa dawa unaoitwa kabapenemu. Chimbuko la ukoo huo ni kemikali iliyogunduliwa mwaka 1976, ikitengenezwa na bakteria wa udongoni, na imipenemu iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1985. Hizi ni dawa za kudungwa mshipani, ndani ya hospitali, kwa amri ya daktari, pale ampisilini, jentamaisini na seftriaksoni zinaposhindwa. Zikishindwa na zenyewe, kinachobaki ni dawa chache zenye sumu kwa figo, au zile mpya ambazo bei yake haisemeki mbele ya mtu anayesubiri malipo ya tumbaku.

Sasa swali ni hili: ikiwa mkulima hajaimeza dawa hiyo wala hajaiona, amewezaje kuwafundisha bakteria kuishinda?

Jibu limo katika maumbile ya bakteria wenyewe, na ni jibu ambalo kila mwalimu wa baiolojia mkoani humo anaweza kulieleza kwa chaki na ubao. Bakteria hujenga ukuta kuuzunguka mwili wake. Dawa za aina ya penisilini, kabapenemu zikiwemo, humzuia fundi anayeujenga ukuta huo, na bakteria hupasuka na kufa. Bakteria sugu hutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijamfikia fundi. Amri ya kukitengeneza kimeng'enya hicho imeandikwa katika jeni. Na jeni hizi, tofauti na zile ambazo mtoto hurithi kwa wazazi wake, mara nyingi hukaa katika kijiduara kidogo cha DNA kiitwacho plasmidi, ambacho bakteria mmoja hukinakili na kumpa jirani yake, hata kama jirani huyo ni wa jamii nyingine kabisa. Bakteria wa tumboni asiye na madhara kwa mwenyeji wake anaweza kumpa nakala yule anayeleta homa ya mapafu au kuoza kwa kidonda. Mfano wake ni karani anayenakili waraka wa siri na kuugawa katika kila idara bila kumwuliza mkuu wake.

Tena kijiduara hicho hakibebi jeni moja tu. Mara nyingi hubeba pamoja jeni za kuishinda seftriaksoni, jentamaisini na nyinginezo. Kwa hiyo kila mara seftriaksoni inapodungwa kwa mgonjwa asiyeihitaji, wale wasio na kijiduara hufa, na wenye nacho hubaki wakistarehe na kuzaana, silaha dhidi ya kabapenemu ikiwa tayari mkononi. Na nani huandika seftriaksoni? Mkulima wa Inyonga hana kalamu hiyo.

Wapo watumishi wanaosema kwamba mambo haya ni ya Mwanza na Dar es Salaam, na kwamba Mpanda iko mbali. Haya ndiyo mawazo ya hatari kuliko yote. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vimelea 227 vilivyotoka kwa wagonjwa wa hospitali ya rufaa ya jijini Mwanza. Vimelea 80, yaani asilimia 35, vilikutwa na jeni moja au zaidi za kuzishinda kabapenemu. Ile iitwayo IMP ilikutwa katika vimelea 49, na iitwayo VIM katika 28. Ieleweke kwamba vimelea hivyo vilichaguliwa kwa kuwa tayari vilikuwa sugu kwa dawa nyingi. Anayezitumia tarakimu hizo kudai kwamba theluthi moja ya wagonjwa wote wa Mwanza hawatibiki anapotosha, na upotoshaji wa kutia hofu hausaidii kitu. Lakini hata baada ya kusahihisha hivyo, habari inabaki kuwa nzito, kwa sababu kabapenemu hazikuwa dawa za kawaida katika wodi za nchi hii. Jeni zilitangulia, dawa ikafuata nyuma.

Namna jeni hizi zinavyosafiri imekwisha julikana. Ile iitwayo VIM imepewa jina la mji wa Verona, Italia. OXA-48 ilipatikana Istanbul mwaka 2001. KPC ilitoka kwa mgonjwa wa Carolina Kaskazini, Marekani, mwaka 1996. NDM ilitambuliwa mwaka 2008 kwa mgonjwa nchini Sweden aliyekuwa amelazwa hospitalini India, ikabandikwa jina la New Delhi, na mwaka 2010 India ikalalamika kwa haki. (Hakuna aliyefikiria kuipa KPC jina la Carolina, jambo ambalo walimu wa siasa wangeweza kulitumia kama zoezi darasani.) Jeni iliyovuka bahari ndani ya tumbo la abiria haiwezi kushindwa kuvuka pori la kati ya Kaliua na Mpanda. Reli ya kilomita 210 iliyojengwa kwa ajili ya risasi ya Mukwamba inabeba watu. Mabasi ya Tabora, Sumbawanga na Mbeya yanabeba watu. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya rufaa ya kanda hurudi nyumbani akiwa amepona, na huenda akabaki na bakteria hao tumboni kwa miezi kadhaa bila kuumwa hata kichwa. Hakuna kizuizi cha barabarani kinachokagua matumbo ya abiria.

Akifika nyumbani, kinachoamua kama jeni hiyo itaishia kwake au itaenea ni choo, maji na mikono. Wenyeji wa Katavi wana picha ya jambo hili mbele ya macho yao kila kiangazi. Mto Katuma unapopungua, viboko katika Hifadhi ya Katavi husongamana kwa mamia katika dimbwi moja la tope, na analotoa mmoja ndilo analokunywa mwingine. Hakuna mtu aliyepata kuwalaumu viboko kwa ujinga wao. Kila mtu anaelewa kwamba maji yamepungua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukilinganisha nchi 103 uliyaeleza yayo hayo kwa tarakimu. Usugu wa vimelea ulikuwa mdogo pale ambapo miundombinu na utawala vilikuwa bora. Kiasi cha antibayotiki kilichotumika peke yake hakikuonyesha uhusiano wa maana na usugu huo. Asitokee mwenye duka la dawa akaligeuza jambo hili kuwa ngao yake. Matumizi ovyo huzalisha bakteria sugu na kuwapalilia, uchafu huwasambaza. Lakini katika hotuba za Novemba nusu ya kwanza husemwa kila mwaka, na nusu ya pili hunyamazwa. Sababu haifichiki. Ya kwanza humhusu mwananchi. Ya pili humhusu mwenye fungu la fedha.

Kinachohatarishwa hapa ni maisha ya watoto na wazazi wao. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa kati ya mwaka 2001 na 2002, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kati ya watoto waliokuwa na bakteria wa kundi la Gramu hasi katika damu, asilimia 43.5 walikufa. Kati ya wenye malaria, walikufa asilimia 20.2. Vifo vilizidi pale dawa ilipokuwa imeshindwa na kimelea. Hayo yalikuwa kabla jeni za kabapenemu hazijatangazwa Mwanza. Kwa mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia watu 1,152,958, zaidi ya mara mbili ya wale 564,604 wa mwaka 2012, na ambamo upasuaji wa uzazi sasa unafanyika hadi katika vituo vya afya, tarakimu hizo zinapaswa kumkosesha usingizi kila mtumishi. Kujenga chumba cha upasuaji ni kazi njema ambayo Serikali imeifanya na inastahili pongezi. Lakini chumba cha upasuaji kisichokuwa na maji ya uhakika kinamtoa mtoto salama na kumrudisha mama na kidonda.

Na kidonda kikioza, nani atajua kimeozeshwa na nini? Kuotesha vimelea ni kazi inayohitaji sahani za kuoteshea, joto la kudumu, umeme usiokatika, na mtaalamu anayerudi kuangalia kesho na keshokutwa. Pasipo kuotesha, daktari anabahatisha. Anaanza na dawa anayoijua, anapanda kwenda kali zaidi, na kila hatua anawapalilia wale asioweza kuwaona. Haifai kumlaumu daktari wa namna hiyo peke yake. Ametumwa vitani akiwa amefungwa kitambaa machoni. Wanaostahili lawama ni wale ambao kila wanapopanga bajeti huiona maabara kama pambo, kwa sababu sahani ya kuoteshea haina jiwe la msingi la kufunuliwa.

Wengine hujifariji kwamba wazungu watavumbua dawa mpya. Kasumba hiyo inapaswa kung'olewa na mizizi yake. Mwaka 2018 kampuni ya Achaogen ya Marekani ilipata kibali cha kuuza plazomisini, dawa mpya iliyolengwa bakteria wa namna hii hii. Mwezi Aprili 2019 kampuni hiyo ilifilisika. Dawa ilifanya kazi. Faida ndiyo iliyokosekana, kwa kuwa dawa ambayo inatakiwa itumike kwa nadra haimtajirishi mwenye hisa. Mwaka huo huo wa 2018 kampuni kubwa ya Novartis ilifunga utafiti wake wa dawa za bakteria. Ubepari hutengeneza kinacholipa. Ugonjwa wa mtoto mchanga wa Mishamo haulipi, na mwenye kungoja huruma ya soko la hisa atangoja sana.

Wala haihitajiki kungoja, kwani pamekwisha onyeshwa kwamba jeni hizi zinaweza kuzuiwa bila dawa mpya. Mwaka 2006 bakteria wenye KPC walizifurika hospitali za Israel. Hospitali moja moja zilijaribu kupambana nao zikashindwa. Mwezi Machi 2007 Wizara ya Afya ya nchi hiyo iliingilia kati kwa amri moja kwa hospitali zote: wagonjwa wenye vimelea hivyo watengwe na wawe na wahudumu wao, taarifa itolewe kila siku, na wakaguzi waende kuona kwa macho. Kutoka wagonjwa wapya 55.5 kwa kila siku 100,000 za kulazwa, idadi ilishuka hadi 11.7 ilipofika Mei 2008. Kilichoshinda kilikuwa nidhamu, na nidhamu haiagizwi kwa fedha za kigeni.

Nchi hii nayo ilikwisha onyesha kwamba inaiweza nidhamu hiyo. Mwaka 1973, Mpanda ikiwa wilaya tu na Mkoa wa Katavi haujazaliwa, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika makundi ya kusikiliza redio. Walisoma, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo, wakafyeka, wakazoa taka. Hakuna aliyewaita wajinga. Waliambiwa kisa na sababu, wakapewa kazi ya kufanya, wakaifanya. Walimu walikuwa mstari wa mbele. Mwalimu wa leo ambaye anamfundisha mwanafunzi wa kidato cha tatu kuchora bakteria mwenye mkia na ukuta, kisha anamruhusu kutoka chooni na kwenda kula bila kunawa kwa sababu bomba la shule limekauka tangu muhula uliopita na hakuna aliyeandika barua, ameishusha heshima ya walimu wale.

Mfano wa karibu zaidi upo. Mwaka 2020, korona ilipoingia, kila mlango wa ofisi ya umma uliwekwa ndoo ya maji tiririka na sabuni. Ofisi za kata, shule, zahanati, stendi za mabasi, masoko. Hapakuwa na aliyedai kwamba fungu halipo. Ndoo hizo ziko wapi? Nyingine zimekauka, nyingine zina buibui, nyingine zimehamia nyumbani kwa watu. Watumishi wale wale waliozijaza asubuhi na jioni wanazipita leo bila kuzitazama, kisha wanaketi kuandaa mada ya semina kuhusu usugu wa vimelea. Kwa hakika hili ni jambo la aibu. Bakteria hawa wanaua bila kutangazwa redioni kila jioni, na hiyo ndiyo tofauti pekee iliyowafanya watumishi walegee. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria sugu.

Mpango wa Taifa wa kupambana na usugu wa vimelea, wa pili kwa mfululizo, ni wa mwaka 2023 hadi 2028. Mwezi Septemba 2024 mataifa yote, Tanzania ikiwemo, yaliafikiana katika Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo mwaka 2030 vituo vyote vya tiba viwe na huduma za msingi za maji, usafi na utupaji taka. Maneno yapo, saini zipo. Urasimu una tabia ya kuyapokea maneno ya namna hii, kuyapiga muhuri na kuyalaza kabatini, ili yasubiri ufadhili. Lakini dawa ya kutakasa mikono inachanganywa kwa spiriti, gliserini na haidrojeni peroksaidi, kwa kanuni ambayo Shirika la Afya Duniani limeigawa bure, na mfamasia yeyote wa hospitali anaweza kuichanganya. Matangi ya kuvunia maji ya mvua yanajengwa na mafundi wa Mpanda. Mvua ya Katavi hainyeshi kwa ufadhili.

Mwenye duka anayeuza antibayotiki kwa vidonge vinne vinne aendelee kusakwa na Baraza la Famasi. Mfugaji aelimishwe na bwana mifugo anayemfikia zizini, si kwa kipeperushi. Mkulima amalize dozi yake, na zahanati ihakikishe kwamba ana dozi ya kumaliza. Hayo yote ni sawa. Ila yasitangulizwe mbele kama pazia.

Katika halmashauri za mkoa huo, taarifa ya afya huletwa mbele ya madiwani kila robo ya mwaka, imechapwa vizuri, ina majedwali. Diwani yeyote, awe amesoma au hakusoma, anayo haki ya kusimama na kumwuliza mganga mkuu maswali ambayo hayamo katika majedwali hayo: katika siku tisini zilizopita, wodi ya wazazi ilikaa siku ngapi bila maji bombani; sabuni iliyonunuliwa ilikuwa kiasi gani, na ilikwisha tarehe ngapi; wanawake wangapi waliopasuliwa walirudi na vidonda vilivyooza; na usaha wa wangapi kati yao ulipelekwa maabara kuoteshwa. Mganga mkuu akijibu kwamba takwimu hizo hazikusanywi, diwani asiketi.